Hulka za Makasisi wa Kianglikana katika Njia ya Tabora

Kasisi wa Kianglikana hutakiwa kuwa watu wanne ndani ya kanzu moja. Alfajiri yuko peke yake na Kitabu cha Sala. Jumapili anasimama mbele ya umati unaotarajia kuchangamshwa. Jumatatu anageuka karani wa daftari za ubatizo, ndoa na sadaka, tena ana ripoti ya kupeleka dayosisi. Jioni yake yuko msibani, amekaa mkekani, anasikiliza zaidi ya anavyosema. Kazi ya kwanza humfaa mkimya, ya pili mchangamfu, ya tatu mtu wa utaratibu, ya nne mwenye moyo mlaini. Ni nadra mtu kuzaliwa na yote manne. Wanaochunguza hulka za makasisi kwa makini hawamtafuti kasisi mkamilifu. Wanachotaka kujua ni kazi ipi itamchosha nani, na itamchosha upesi kiasi gani.

Kuwapanga watu kwa hulka ni elimu ya kale. Waganga wa Kiyunani, na baada yao matabibu wa Kiislamu ambao elimu yao ilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki, walisema tabia ya mtu inatokana na maji ya aina nne mwilini: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyezidiwa na damu ni mcheshi, wa balghamu ni mtulivu asiyehimizika, wa nyongo ya manjano ni mkali, wa nyongo nyeusi ni mwenye mawazo na huzuni. Tiba hiyo imepitwa na wakati, lakini watu wa aina hizo nne bado wanaonekana katika kila mkutano wa sinodi.

Karne ya 20 ilikuja na mpango mwingine. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, ambaye miaka minne baadaye alisafiri hadi Mlima Elgon, alitoa kitabu chake juu ya aina za watu. Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliyachukua mawazo yake wakayageuza kuwa dodoso. Dodoso hilo huuliza mambo manne. Je, mtu hupata nguvu akiwa na watu au akiwa peke yake? Je, huangalia kilichopo mbele ya macho, au huwaza kinachoweza kuwepo kesho? Je, huamua kwa kupima hoja, au kwa kupima watu wataumiaje? Na je, hupenda ratiba, au huacha mambo yaende kadiri yanavyojitokeza? Majibu ya maswali hayo yakichanganywa hutoa aina 16.

Makasisi wa Kianglikana ni miongoni mwa viongozi wa dini waliopimwa sana kwa vipimo vya namna hii. Mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi ni Leslie Francis, mwanasaikolojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ni kasisi. Mwaka 2007 yeye na wenzake walitoa matokeo ya makasisi wanaume 626 na wanawake 237 wa Kanisa la Uingereza. Kati ya wanaume, asilimia 57 walikuwa watu wa kupenda upweke, asilimia 62 wenye kuwaza mbali kuliko kushika kilichopo, asilimia 54 wenye kuamua kwa moyo, na asilimia 68 watu wa ratiba. Kati ya wanawake, wenye kuamua kwa moyo walikuwa asilimia 74.

Tarakimu hizo zinapata maana zikiwekwa kando ya za watu wa kawaida. Kati ya wanaume wa Uingereza kwa jumla, takriban theluthi mbili huamua kwa hoja, na karibu robo tatu ni watu wa kushika kilichopo. Waumini wanaokaa kwenye mabenchi ya makanisa hayo hayo nao wakapimwa, na takriban wanane katika kila kumi wakaonekana kuwa watu wa kilichopo. Kwa hiyo mara nyingi mimbarini yuko mtu anayeota kanisa litakavyokuwa miaka ishirini ijayo, na mbele yake wamekaa watu wanaotaka kujua paa linalovuja litazibwa lini. Ugomvi mwingi wa halmashauri za makanisa, ambao hubandikwa majina makubwa ya imani na msimamo, huanzia hapo.

Hiyo ni Uingereza, penye barabara za lami na mishahara inayofika kwa wakati. Afrika Mashariki ina mahali pake pa kulichunguzia jambo hili, napo ni njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo na Saadani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikakatiza pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, ambako ndiko Tabora. Kutoka hapo tawi moja lilikwenda Ujiji, na jingine likapanda kaskazini kupitia Usukuma hadi kusini mwa Ziwa Nyanza. Chama cha misheni cha Kianglikana cha CMS kilianza kuitumia mwaka 1876, kikielekea Buganda, na baada ya miaka michache kilikuwa na vituo Mpwapwa, Uyui karibu na Tabora, kisha Msalala na Usambiro karibu na ziwa. Makasisi waliopita huko waliandika barua na shajara nyingi, na waliosafiri pamoja nao waliandika habari zao pia. Kumpima marehemu kwa barua zake ni kazi ya kukisia, lakini ushahidi wa njia hii ni mwingi kuliko wa mahali pengi.

Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi miwili hadi mitatu, na katika muda wote huo kasisi hakuwa na faragha. Aliyezoea chumba cha kusomea alijikuta katikati ya mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, kirangozi akiwa mbele, ngoma na kelele mchana kutwa, na usiku malalamiko ya posho. Kisha Ugogo, na hongo yake, yaani ushuru wa kupita nchini kwa mtemi. Mtemi hakupokea hongo siku ile ile iliyopelekwa. Msafara ulipiga kambi, wajumbe wakaenda na mikono ya merikani na kaniki, vitambaa vikarudishwa kwa kuwa ni vichache, vikaongezwa, vikarudishwa tena kwa kuwa aina fulani imekosekana, na huku maji ya kambini yalikuwa ya kununua. Zingeweza kupita siku tatu, pengine tano. Mtu mwenye nyongo ya manjano angepandwa na hasira, na kila alivyozidi kupandwa ndivyo hongo ilivyozidi kupanda. Mtu wa ratiba ndiye aliyeteseka kuliko wote, kwa sababu ratiba yake ilikuwa mikononi mwa mzee aliyeketi barazani bila haraka yoyote.

Hakuna hulka iliyoonekana waziwazi katika njia hii kama ya James Hannington. Alizaliwa mwaka 1847 huko Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza, na shuleni wenzake walimpa jina la utani lenye maana ya Jim mwendawazimu. Utotoni alipoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto akichezea baruti, alikusudia kulipua kiota cha nyigu. Aliwahi kufeli mtihani wa kuwekewa mikono kabla ya kuupita. Alikuwa mtu wa mizaha, mkusanyaji wa wadudu na mimea, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, na aliwapenda watoto. Barua zake za safari alizowaandikia watoto wa jamaa zake zimejaa michoro ya kujicheka mwenyewe. Kwa lugha ya waganga wa kale huyo ni mtu wa damu. Kwa lugha ya madodoso ni mtu anayepata nguvu kwa watu, anayeishi katika saa iliyopo, anayeacha mambo yaende yanavyokwenda.

Hulka hiyo ilikuwa neema kwa msafara. Alifika Uyui Septemba 1882 akiongoza kundi la wamisionari wapya, wakiwemo kasisi Robert Pickering Ashe na mpwa wake Hannington mwenyewe, Cyril Gordon. Hapo aliugua kuhara damu hata wenzake wakakata tamaa ya kumwona akipona. Alipopata nafuu kidogo hakurudi pwani. Alibebwa kwenye machela kuelekea kaskazini hadi ziwani, na njiani aliendelea kuokota wadudu. Hatimaye mwili ulimshinda, na mwaka 1883 alirejea Uingereza. Kwa watu wengi habari zingeishia hapo. Yeye mwaka uliofuata akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, akarudi.

Hulka ile ile ndiyo iliyomwua, au angalau ilisaidia. Njia ya Tabora aliijua kwa maumivu yake, akaona ni ndefu na inaua watu. Mwaka 1885 akaamua kukata moja kwa moja kupitia nchi ya Wamasai. Wamisionari waliokuwa Buganda walijua kwamba mtu anayeingia kutoka mashariki angechukuliwa kuwa adui wa Kabaka, mfalme wa Buganda, wakaandika kumwonya, lakini onyo halikumfikia kwa wakati. Mtu mwingine, wa kupenda uhakika, angesubiri majibu kabla ya kuondoka. Hannington hakuwa mtu wa kusubiri. Alipofika Kavirondo aliacha sehemu kubwa ya msafara nyuma, akatangulia na watu 50 hivi. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga, na karibu wote aliokuwa nao wakafa pamoja naye. Si haki kuipa hulka lawama yote, maana siasa za Kabaka Mwanga na hofu ya Wajerumani waliokuwa wakinyakua pwani zilikuwa na uzito zaidi. Hata hivyo ni vigumu kusoma habari zake bila kuona kwamba uchangamfu uliomvusha Uyui ulimnyima subira aliyoihitaji Busoga.

Aliyeachwa nyuma pamoja na msafara alikuwa William Jones, shemasi Mwafrika ambaye Hannington mwenyewe alimwekea mikono mwaka huo huo. Jones alikuwa Myao, aliyeuzwa utumwani utotoni, akaokolewa na kulelewa India kabla ya kurudishwa Afrika Mashariki. Hulka yake haikupambwa na mwandishi yeyote wa London, lakini alichokifanya kinatosha kuieleza. Alisubiri. Habari za mauaji zilipomfikia hakukimbia mara moja na hakujaribu kulipa kisasi. Alikaa hadi akawa na hakika, kisha akawarudisha watu wake mamia ya kilomita hadi pwani. Waliingia Rabai mapema mwaka 1886 wakiwa wamedhoofu, wamebeba bendera ya bluu iliyoandikwa neno Ikabodi, jina la Kiebrania la mtoto aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka Israeli. Wasomaji wa historia ya misheni humkumbuka askofu zaidi kuliko shemasi. Kwa upande wa uongozi wa watu katika hatari, shemasi ndiye aliyefaulu.

Cyril Gordon ni mfano mwingine wa namna hiyo, na kwa kuwa ni mpwa wa Hannington ulinganisho unakuwa rahisi. Mjomba alijaza chumba alichoingia. Mpwa hakuonekana sana. Mwaka 1887 alipelekwa Buganda peke yake kushika nafasi ya mmisionari Alexander Mackay, katika nchi ambayo mjomba wake aliuawa kwa amri ya mfalme wake, na kwa miezi mingi alikaa hapo karibu kama mateka. Oktoba 1888 yeye na mwenzake Robert Walker walifukuzwa pamoja na mapadre wa Kifaransa, wakapakiwa katika mashua moja iliyotobolewa na kiboko ziwani, wakaitengeneza, wakafika kusini. Gordon aliendelea kufanya kazi katika kanisa hilo kwa miaka mingi. Ukimya, ambao katika seminari huweza kuonekana kama upungufu, katika kifungo kisichojulikana mwisho ulikuwa akiba kubwa.

Mackay mwenyewe hakuwa kasisi, na jambo hilo linafaa kukumbukwa kila anapotajwa. Alikuwa fundi mitambo Mskoti, akakataa kuwekewa mikono. Lakini bila yeye huwezi kuwaelewa makasisi waliokuwa pembeni yake, kwa sababu ndiye aliyewavumilia, au hakuwavumilia. Aliyegombana naye sana ni Philip O'Flaherty, kasisi wa Ireland aliyewahi kuwa askari katika vita vya Krimea, aliyejua Kiarabu na kupenda mabishano. Mbele ya Kabaka Mutesa, ambako mijadala ya dini ilikuwa karibu mchezo wa baraza, O'Flaherty alikuwa katika maji yake. Nyumbani, katika kibanda kimoja na Mackay aliyetaka kila msumari uwe mahali pake, ilikuwa balaa. Wote wawili walikuwa watu wa hoja na hakuna aliyekuwa wa kuachia. Barua zao kwenda London zinasikitisha kuzisoma. Ashe, aliyekaa nao, alikuwa na kalamu kali vilevile, lakini aliweza kumpenda Mackay bila kukubaliana naye katika kila kitu, na kitabu chake cha mwaka 1889 juu ya wafalme wawili wa Uganda kinaonyesha hilo. Wakuu wa misheni walizipanga timu kwa kuangalia nani ana afya na nani yuko karibu. Suala la nani anaweza kuishi na nani halikuwemo.

Aliyemfuata Hannington, Henry Perrott Parker, alikuwa amefanya kazi ya ukatibu wa misheni Kolkata. Alikuwa mtu wa kupima mambo kabla ya kutenda, tofauti kabisa na mtangulizi wake. Alirudi kwenye njia ya kusini, akafika Usambiro mwaka 1887, na tarehe 26 Machi 1888 homa ikamwua huko huko, wiki mbili baada ya mwenzake kasisi Blackburn. Mbu hawakuuliza hulka ya mtu.

Alfred Tucker, askofu wa tatu, ni mtu wa kushangaza katika orodha hii kwa sababu hakai katika fungu moja. Alizaliwa katika ukoo wa wachoraji, naye mwenyewe alikuwa mchoraji ambaye picha zake zilionyeshwa katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London. Tena alikuwa mtembeaji aliyewahi kupanda vilele kadhaa vya milima ya kaskazini mwa Uingereza kwa siku moja. Alipita njia ya kusini mwaka 1890, akazika watu wawili wa msafara wake Usambiro, akaingia Mengo, mji mkuu wa Buganda, mwishoni mwa Desemba. Msanii angetarajiwa kuwa mtu wa kuota na kusahau hesabu. Tucker aliota kweli, alitaka kanisa moja ambamo Mwafrika na Mzungu wangekaa chini ya katiba moja na sinodi moja, na wamisionari wengi wakampinga. Lakini alikuwa na subira ya karani. Aliishikilia rasimu ya katiba hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, mkutano baada ya mkutano, hadi mwaka 1909 ilipopita. Mtu anayeyaamini sana mafungu 16 ya dodoso angefanya vyema kuanza na kumpanga Tucker.

Katika njia hiyo alikuwepo pia Charles Stokes, aliyekuja mwaka 1878 kama mmisionari asiye kasisi. Hulka yake iliendana na njia kuliko ya mtu yeyote: alipatana na watemi, alijua Kinyamwezi, alioa mke wa huko aliyeitwa Limi. Kwa kupatana hivyo aliacha misheni, akawa mfanyabiashara wa misafara, na mwaka 1895 maofisa wa Kongo ya Mfalme Leopold wakamnyonga. Misheni iliyomkosa kazini iliendelea kukodi misafara yake.

Baada ya miaka ya 1890 Waanglikana waliohudumu Buganda waliiacha njia ya Tabora wakafuata ile ya Mombasa, na Unyamwezi ukabaki zaidi kwa Wakatoliki na Wamoraviani. Waanglikana walirudi mjini Tabora kwa wingi wakati wa Vita vya Kwanza, na si kwa hiari. Wajerumani waliwakusanya wamisionari wa Kiingereza, wakawafunga kwanza Kiboriani karibu na Mpwapwa, kisha Tabora, hadi Wabelgiji walipouteka mji tarehe 19 Septemba 1916. Ndani ya ua huo zilikutana jamii mbili za Kianglikana ambazo kwa kawaida zilitengana kwa mamia ya kilomita. Makasisi wa UMCA, misheni ya Zanzibar na Magila, walikuwa hawaoi, walishika saa za sala, uvumba na ukimya. Wale wa CMS wa Mpwapwa na Ugogo walikuwa na wake, walipenda mahubiri marefu na sala za papo kwa papo. Ernest Spanton, mkuu wa chuo cha UMCA cha Kiungani, aliandika kitabu juu ya kifungo hicho mwaka 1917. Walimu na makatekista Waafrika wa misheni zote mbili waliteswa zaidi kuliko Wazungu: walipigwa, walifanyizwa kazi ngumu, na baadhi walikufa.

Hapo linajitokeza jambo ambalo madodoso hulificha. Mapokeo ya kanisa nayo hutengeneza kitu kinachofanana na hulka. Kijana mchangamfu akilelewa Kiungani, atajifunza kunyamaza hadi wageni wamdhanie mkimya wa kuzaliwa. Kijana mkimya akilelewa katika uamsho, atajifunza kusimama na kushuhudia.

Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ukavuka hadi Bukoba na Buha, ukaenea katika makanisa ya CMS ya magharibi na kati ya Tanganyika. Watu walitubu hadharani, waliungama wizi na uzinzi kwa kutaja mambo yenyewe, walikumbatiana, waliimba wimbo wa Tukutendereza. Kwa kasisi mwenye moyo wazi ulikuwa uhuru mkubwa. Kwa kasisi msiri ulikuwa mtihani. Asiyeungama mbele za watu alitiliwa shaka kwamba hajaokoka, hata kama kosa lake pekee lilikuwa kuzaliwa na haya. Wapo wazee wa kanisa waliohama ushirika kwa sababu hiyo tu, na wapo waliojifunza kusema maneno ya ushuhuda bila kuyahisi. Uamsho ulivunja kuta kati ya makabila, na kati ya Mzungu na Mwafrika, kuliko mradi wowote wa misheni. Katika suala la hulka, hata hivyo, ulikuwa na mlango mmoja. Yohana Omari, aliyetoka katika Uislamu, akaguswa na uamsho, akawekwa askofu msaidizi wa Tanganyika ya Kati, huko Namirembe, Uganda, mwaka 1955 na kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana nchini, alipendwa na watu wa pande nyingi, na si kila aliyepita katika uamsho aliweza hilo.

Dayosisi ya Tabora iliundwa mwaka 1989, askofu wake wa kwanza akiwa Francis Ntiruka. Mkoa wa Tabora pekee una eneo la kilomita za mraba zipatazo 76,000, miombo mingi na makanisa yaliyotawanyika. Waumini wengi ni wakulima wa tumbaku, mahindi na karanga, au wafugaji, pamoja na wafanyakazi waliofuata reli iliyofika mjini mwaka 1912. Kasisi wa vijijini husimamia mitaa mingi kwa pikipiki, na kwa sehemu kubwa ya mwaka Jumapili ya kanisa dogo huongozwa na mwinjilisti. Mazingira haya huchuja hulka kwa namna yake. Kasisi wa ratiba huvunjika moyo masika, barabara zinapokatika na msimu wa kulima unapohamisha waumini wote mashambani. Mwenye kupenda watu hustawi barabarani, lakini daftari zake huwa na kurasa tupu, na sinodi ikifika anaomba siku mbili za nyongeza. Mkimya huchoka njia nzima kwa kulakiwa kila kijiji, kuketishwa, kulishwa ugali na kuku, kusikiliza kesi tatu kabla ya ibada. Na kwa desturi ya Wanyamwezi kuaga haraka ni dharau. Utafiti wa Uingereza unaonyesha kwamba makasisi wakimya huchoka kazini upesi kuliko wachangamfu. Kama hali ndiyo hiyo penye ofisi yenye mlango wa kufunga, upo kila msingi wa kudhani kwamba mzigo huo ni mzito zaidi mahali ambapo nyumba ya kasisi haifungwi mlango hadi saa nne usiku.

Madodoso yenyewe yanahitaji tahadhari yakiletwa Kongwa, Dodoma au Tabora. Wanasaikolojia wengi hawaridhiki hata na matumizi yake Marekani, kwa kuwa mtu akirudia maswali baada ya wiki chache mara nyingi huangukia fungu jingine, na kwa kuwa hulka haikatiki vipande viwili. Wengi wao siku hizi hupendelea kupima sifa kuu tano kwa viwango vya juu na chini. Kwetu kuna ugumu zaidi. Maswali yalitungwa kwa mtu anayechagua mwenyewe aende sherehe au abaki nyumbani. Kijana wa Sikonge hachagui kwenda msibani. Anayenyamaza mbele ya askofu huenda ni msemaji mkubwa akiwa na rika lake, amefundishwa tu adabu. Na mtahiniwa anayeomba nafasi ya chuo hujibu kile anachodhani kamati inataka, kama afanyavyo kila anayeomba kazi popote duniani.

Kanisa la Kianglikana lina kipimo chake cha zamani, nacho ni ushemasi. Kabla ya kuwa kasisi mtu hutumika kama shemasi, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, chini ya kasisi mwenye uzoefu. Katika muda huo huonekana kama anaweza kukaa na wazee bila kutazama saa, kama huandika kilichotolewa sadaka siku ile ile, kama anagombana na mwinjilisti, kama hupotea akihitajika. Shida ni kwamba dayosisi yenye upungufu wa watumishi humpa shemasi parishi yake karibu mara moja, na hakuna wa kumtazama. Katika ibada ya kuwekwa mikono Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinamtaka askofu awaulize waumini kama yupo anayejua kizuizi chochote. Wanaokaa benchi za nyuma wamekwisha kujua kwa mwaka mzima kwamba huyu ni mkali kwa watoto, au kwamba yule hapendi kutembelea wagonjwa. Swali linakuja wakati kwaya imekwisha kujipanga na mbuzi amekwisha chinjwa, na hakuna anayelijibu.